Kipande cha Pili

Jumatatu, 3 Machi
Daftari hili ni la mahudhurio ya wanafunzi, la mwaka gani sijui. Lilibaki na kurasa nyingi tupu, Mkuu wa shule akasema nilitupe. Mimi ni karani, situpi karatasi. Leo limepata kazi: daktari kaniambia niandike kila anachokula baba. "Andika kwa ufupi," akasema. Huyo hanijui.

Baba ana ngiri. Imeshuka, inamuuma, lazima apasuliwe. Lakini amekonda mno, kilo arobaini na tisa pamoja na koti. Daktari anataka hamsini na mbili. "Tarehe kumi na mbili Mei mleteni nimpime. Akiwa hivi alivyo, dawa ya usingizi itamshinda. Na ngiri ikijisokota kabla hajapata nguvu, tutampoteza." Aliposema tutampoteza alikuwa anatazama karatasi zake, hakututazama sisi.

Kilo tatu, wiki kumi. Kwa mtu mwingine ni mchezo. Kwa baba ni kupanda mlima kwa magoti. Tangu mama afariki mwaka jana hali kitu ila mkate, na lazima uwe umechomwa. Alikuwa mwokaji miaka thelathini na minane, labda ndiyo sababu. Uji hataki hata kuuona. "Uji ni wa wasio na meno," anasema, na yeye meno yake anayo yote isipokuwa mawili, ambayo bado anayahesabu.

Basi kila asubuhi nachoma slesi mbili kwenye kikaango kikavu, napaka kitu, namwekea mezani, nakimbilia kazini. Leo: siagi na asali. Kala moja, nyingine kaacha.

Jumanne, 4 Machi
Siagi na jamu. Kala moja.

Jumatano, 5 Machi
Parachichi, limau, pilipili manga kidogo. Kala moja, akalamba kidole. Nikafurahi. Nikamwambia, "Malizia na hii, baba." Akasema, "Nimeshiba." Mtu mzima anashibaje slesi moja?

Ijumaa, 7 Machi
Kaka kapiga simu. Yeye ndiye mkubwa wetu, anaishi mbali, na umbali umempa hekima nyingi. "Mpe vyakula vya nguvu," kasema. Ahsante kaka. Mimi nilikuwa nampa upepo.

Jumatatu, 10 Machi
Siagi ya karanga na ndizi mbivu. Kala moja.

Kipande cha pili nampelekea jirani mwenye kuku. Sithubutu kukila mimi. Mama alitulea hivyo: chakula cha mgonjwa hakiliwi, hata kikibaki, hata njaa ikuume vipi. Ukikila, alisema, umemla mgonjwa mwenyewe. Basi kuku wanakula. Wananenepa wale kuku, unaweza kudhani wao ndio wanaongojewa na daktari.

Jumatano, 12 Machi
Mvua imeanza. Imeanzia juu ya kitanda changu, pale palepale pa mwaka jana. Nimeweka beseni.

Ijumaa, 14 Machi
Mwalimu wa hesabu kanishauri siagi ya karanga na kitunguu kibichi. Nikamwambia baki na hesabu zako. Halafu kwa kukata tamaa nikajaribu. Baba kala moja, akafumba macho, akasema, "Aisee." Nyingine kaacha. Nikamuuliza, "Kama ni tamu mbona unaiacha?" Akavuta kikombe chake cha chai. Tangu mazishi maneno yake yamekuwa machache, unayapata moja moja kama chenji.

Jumatano, 19 Machi
Ajabu ya leo: baba kaomba kitu mwenyewe. "Weka maziwa ya unga," kasema. Nikadhani kwenye chai. "Juu ya mkate. Siagi kwanza, halafu maziwa, halafu urudishe kwenye moto mpaka yawe ya kahawia." Nilikuwa nimechelewa, mvua inapiga, kiatu kimoja kimelowa, lakini mgonjwa akiomba huwezi kukataa. Nikakimbia dukani kununua kopo. Nikachoma. Harufu ikajaa nyumba nzima.

Kala moja, nusu nusu. Ya pili, iliyoiva vizuri zaidi, hakuigusa. Akaisogeza sahani katikati ya meza, akasema, "Hiyo imetoka vizuri."

"Basi ile!"

"Nimeshiba."

Nimeipeleka kwa kuku nikiwa nimekasirika. Kazini nimefika saa mbili na nusu. Mkuu kasema "Habari za mchana" mbele ya walimu wote.

Jumatatu, 24 Machi
Zahanati. Kilo arobaini na tisa na robo. Robo yenyewe ni matope ya viatu.

Jumanne, 25 Machi
Nyanya na kitunguu saumu. Moja.

Jumatano, 26 Machi
Boga la kupondwa na mdalasini. Moja.

Alhamisi, 27 Machi
Samaki wa kopo. Nusu. Mvua.

Ijumaa, 28 Machi
Nimechoka.

Jumapili, 30 Machi
Jirani kaniletea mayai sita. "Ni ya kwenu," kasema, "kuku wamekula mkate wenu." Nikayakaanga, nikayaweka juu ya mkate. Kwa hiyo baba amekula mkate wake kupitia kuku. Kala moja, na moja kaacha. Hiyo iliyobaki imerudi kwa kuku. Tunazunguka tu.

Jumatano, 2 Aprili
Karoti ya kukuna na zabibu kavu. Hata mimi nisingekula. Baba kala moja kwa heshima.

Jumatatu, 7 Aprili
Arobaini na nane na nusu. Amepungua. Muuguzi kairudisha mizani sifuri, akampima tena, ikawa vilevile. Kanitazama mimi, akauliza, "Nani anampikia?" Nikasema mimi. "Na wewe nani anakupikia?" Nikamwambia tafadhali, tumalize tuondoke, mvua inakuja.

Nilipofika nyumbani nilimpigia kaka, nikalia kwenye simu, kitu ambacho sikukusudia. Nikamwambia, "Baba anakufa mezani kwangu, na wewe unanipa ushauri." Halafu akasema, "Nitamtuma wifi yako aje akusaidie mpaka watoto wetu wafungue shule."

Wifi! Nimemlilia kaka shida yangu, kaniongezea nyingine.

Ijumaa, 11 Aprili
Kafika. Marashi yanaingia kwanza, yeye anafuata. Kwa hiyo humu ataitwa Marashi. Ana kucha nyekundu na sanduku kubwa kuliko beseni langu la mvua. Kamkumbatia baba, "Baba yangu jamani, umebaki macho!" Maneno ya kumwambia mgonjwa hayo? Baba kacheka. Sijui anacheka nini.

Jumamosi, 12 Aprili
Marashi ameamka saa tatu. Kauliza kama kuna maji ya moto.

Jumapili, 13 Aprili
Naandika haya nikiwa ofisini shuleni, Jumapili, peke yangu na mashine ya kuchapa, kwa sababu nyumbani siwezi kukaa.

Asubuhi nilichoma mkate kama kawaida, jibini na vipande vya embe. Nikawaachia mezani, nikaenda sokoni kutafuta parachichi. Mvua ikanikamata njiani, nikarudi nimelowa chapachapa. Nikapitia mlango wa jikoni. Marashi kakaa mkabala na baba, mguu mmoja juu ya kiti, anatafuna. Anatafuna kile kipande cha pili! Embe linamtiririka kidoleni na yeye analifuata kwa ulimi.

"Wifi! Unakula chakula cha mgonjwa?"

Hata hakushtuka. "Kakiacha, wifi. Kitapoa."

"Kakiacha atakirudia!"

"Atakirudia saa ngapi? Si huwa unawapa kuku?"

Nikamwambia, "Wewe umekuja kuuguza au umekuja kunenepa?" Na nikaendelea, Mungu anisamehe. Nikamwambia mama yangu aliumwa miezi minne, yeye hakuja kumwona hata siku moja, leo amekuja kumnyang'anya baba yangu tonge mdomoni. Nikamwambia nyumba hii haikuomba harufu yake.

Marashi akauteremsha mguu taratibu. Macho yakamjaa maji, lakini akamalizia kumeza. Baba akapiga meza kwa kiganja. "Nyamaza!" Alikuwa ananiambia mimi, si yeye. Mwaka mzima sijasikia sauti yake ikipanda, na ilipopanda ilinipandia mimi.

Nikatoka na nguo zangu mbichi. Wiki sita naamka kabla ya ndege. Wiki sita nakuna, naponda, nakaanga, na mtu mwenye kucha nyekundu anakuja siku mbili anatetewa. Nimelia, ndiyo, hakuna aliyeniona. Halafu nimechapa mtihani wa jiografia wa darasa la sita, kurasa nne, bila kosa hata moja.

Jumatatu, 14 Aprili
Jana nililisahau daftari hili mezani jikoni, nilipochoka nikalala. Asubuhi nikakuta mwandiko si wangu, pembeni ya ukurasa:

"Jumapili asubuhi: baba slesi TATU. Mimi moja. Uliondoka hukuona. Nilimchomea nyingine mbili. Marashi."

Kwa hiyo amesoma. Amesoma yote, mpaka sanduku. Nimekaa na aibu yangu jikoni. Aliponijia nikatazama sakafu. Akasema tu, "Na kucha hizi si nyekundu, wifi. Ni zambarau."

Slesi tatu. Siamini. Labda anajitetea.

Jumanne, 15 Aprili
Nilijifanya natafuta mwavuli, nikasimama nyuma ya mlango. Nyanya na jibini. Baba akachukua moja. Marashi akachukua ya pili bila kuuliza, huku anamsimulia habari za mbwa wa mwenye nyumba wao aliyekula sabuni. Baba akamaliza. Akatazama sahani tupu, akatazama kikaango. Marashi akanyanyuka, akachoma nyingine. Baba akala.

Nimechelewa kazini. Sijali.

Ijumaa, 18 Aprili
Tatu. Siagi ya karanga na kitunguu. Marashi kakataa kula kitunguu asubuhi, "nitaongeaje na watu," lakini kala.

Jumatatu, 21 Aprili
Kilo hamsini! Muuguzi kapiga makofi. Marashi akamkumbatia baba, akamkumbatia muuguzi, akafungua mikono kwangu, akaishusha. Nikamsogelea mimi. Nikamwambia, "Wifi, nilikukosea." Akasema, "Ulinikosea sana," halafu akanikumbatia. Nimenukia marashi siku nzima.

Njiani nikamuuliza, anamfanyaje mpaka anakula? Akanishangaa. "Simfanyi kitu. Nakaa."

Jumanne, 22 Aprili
Marashi kaondoka na basi la asubuhi, watoto wanafungua shule. Asubuhi nilichoma slesi mbili, asali na ufuta. Nikamwekea baba. Nikavuta kiti, nikakaa. Kiti changu mwenyewe, na nilikikalia kama mgeni.

Baba akachukua moja. Halafu nikaona jambo ambalo nadhani limekuwepo mbele ya macho yangu tangu mwezi wa tatu. Kwa kidole kimoja akaigeuza sahani, taratibu, mpaka kile kipande kilichobaki kikatazama upande wangu. Akaendelea kutafuna huku anatazama dirishani.

"Baba," nikasema, "hiki ni cha nani?"

Akakung'uta makombo mezani.

"Baba, kipande hiki siku zote ulikuwa unamwachia nani?"

Akaona haya, baba yangu, mtu wa miaka sabini na minne. Akaongea mengi kuliko mwaka mzima. Kule kwenye tanuri, akasema, anayemaliza zamu hukata mkate wake, nusu anakula, nusu anaiacha juu ya mfuniko wa tanuri ibaki na joto. Anayeingia anaikuta. Hakuna anayesema hii yako. "Ukimwambia mtu hii yako, umeshaanza kumsimanga. Unaacha tu. Mwenye njaa ataiona." Mama naye alikuwa akipita kumletea chai alfajiri, na nusu yake aliikuta pale, miaka yote hiyo. Hawakuwahi kuzungumza habari zake.

"Na mimi nikawa nawapa kuku," nikasema.

"Nilikuona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekwambia sababu."

"Na kwa nini hukula zaidi, baba? Daktari alisema!"

Akanitazama kama mtu anayeeleza jambo kwa mtoto. "Nitaombaje cha tatu na cha pili hakijaliwa? Mwenye kuchoma mkate mwenyewe hajatia kitu mdomoni, anatoka na mvua. Umekonda, mwanangu. Sketi yako unaifunga kwa pini."

Ni kweli, naifunga kwa pini. Nilidhani haionekani.

Nikala. Mkate ulikuwa umepoa na asali imeshuka pembeni, na nilikula mpaka makombo. Baba akasema, "Choma vingine." Kazini nilifika saa tatu, macho yamevimba. Mkuu alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

Alhamisi, 24 Aprili
Viazi vitamu vya kupondwa, chumvi, pilipili. Yeye tatu, mimi mbili.

Jumatatu, 28 Aprili
Maharage na siagi. Tatu kwa mbili. Mvua haijakatika siku nne, beseni nalimwaga mara mbili kwa siku. Nimechoka vilevile kama zamani, nisijidanganye. Ila ni uchovu wa mtu aliyekula.

Baba kauliza, "Wewe unapenda nini juu ya mkate?"

Nimehesabu humu vitu ishirini na tatu nilivyompakia, najua kipi anakimeza na kipi anakivumilia. Cha kwangu sikijui. Nikasema, "Chochote." Akatikisa kichwa.

Jumatatu, 5 Mei
Hamsini na moja. Kuku wa jirani wameanza kuchungulia uani, wanadai.

Jumatatu, 12 Mei
Siku ya daktari. Baba kavaa koti la mazishi, zito, na joto lile. Akapanda kwenye mizani kama anapanda jukwaani. Kilo hamsini na mbili kamili! Daktari akachukua kalamu. Mimi nikamtazama baba, na baba akatazama ukuta, na hapo nikajua kuna jambo. Nikamshika mfukoni. Nikatoa jiwe la mizani la chuma, la nusu kilo, la kule tanurini.

"Mzee!" daktari akasema.

Miaka thelathini na minane ya kupima mikate hakumpunja mtu hata gramu. Leo ndiyo siku ya kwanza kudanganya mizani, na kaumbuliwa na mwanawe mwenyewe. Akasema, "Nimechoka kuumwa, daktari. Na huyu amechoka kuniuguza."

Nilibaki nimelishika lile jiwe. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Lakini kisha akamshika mkono, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, akatazama kurasa zangu. "Hamsini na moja na nusu. Nilitaka mbili. Ila mtu anayepanda hivi nitampasua. Alhamisi asubuhi. Na mwambieni asile kitu."

Jumatano, 14 Mei
Marashi karudi, kwa hiari yake. Kaleta kopo la maziwa ya unga. Nikamuuliza la nini. "Baba kanipigia simu," akasema. "Kasema usiulize."

Nina hofu. Nimeisugua sakafu mara mbili.

Alhamisi, 15 Mei
Niko kwenye benchi la hospitali, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Wamemwingiza saa mbili na robo.

Asubuhi nilipoamka nilimkuta jikoni. Yeye mwenyewe amekatazwa kula, na amesimama mbele ya kikaango, mkono mmoja umeshika ngiri yake, mwingine unapindua mkate. Siagi kwanza, halafu maziwa ya unga, halafu moto tena mpaka yakawa ya kahawia. Slesi mbili. Akaziweka zote mbili upande wangu.

Nikauma, na nikakumbuka yote kwa mkupuo. Nilikuwa na miaka saba. Kopo la maziwa lilikuwa rafu ya juu, nilikuwa napanda ndoo, nachota, najaza mkate, nauchoma mwenyewe kwa siri mama akiwa kisimani. Nilipenda kile kuliko kitu chochote duniani, na sikumwambia mtu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Mama yako alidhani ni panya," akasema. "Nikamnunulia mtego."

Na mwezi wa tatu aliniomba nikipike, nikakipika, nikakipeleka kwa kuku nimekasirika. Nikala slesi moja yeye ananitazama. Ya pili nikaifunga kwenye karatasi.

Saa nne mvua imekatika. Saa nne na nusu Marashi kafika kunipokea zamu, viatu mkononi, miguu imejaa matope, bila rangi ya kucha wala harufu yoyote, hakuwahi hata kujipaka. Karatasi ile nilikuwa nimeiacha juu ya benchi, mahali pake, nimeifungua kidogo. Sikusema kitu. Akakaa, akaiona, akala. Alipofika katikati akasema, "Hii ni nini, wifi? Ni tamu mpaka inaniliza," na kweli alikuwa analia, na mimi pia, ingawa hakuna aliyekuwa ametuambia lolote bado.

Saa tano kasorobo mlango ukafunguka. Muuguzi akatoka, akavuta barakoa chini. Nilisimama.

"Ameamka," akasema. "Kila kitu kimekwenda vizuri. Ila bado amelewa dawa, anarudia swali moja tu. Anauliza kama mmekula."

Marashi alikuwa na makombo kidevuni. Nikamwambia muuguzi akamjibu kwamba tumekula, wote wawili, na hakuna kilichobaki.